Nyumba yako ya kupangisha ikikaa tupu, ilinde hivi

Wenye nyumba za kupangisha huku pembeni ya Dar, Chanika, Kivule, Mbagala huko, jueni kitu kimoja, nyumba haiharibiwi sana mpangaji akiwemo, inamalizwa zile wiki chache imekaa tupu unasubiri dalali alete mtu. Wanaoingia wengi wanatafuta cha kuuza skrepa, yani koki za shaba, mita ya maji, mifuniko ya chuma ya chemba, grili na nyaya. Nyaya ndo zinauma kuliko vyote, mtu anapanda darini kupitia kile kimfuniko cha silingi bodi, anakata kwenye maungio anazivuta zote, ukija unakuta swichi zinaning'inia na nyumba nzima inataka wayaringi upya.

Kwaiyo mpangaji akikupa notisi anza kutafuta mwingine siku hiyo hiyo, usisubiri ahame. Kama lazima ikae tupu mtafute kijana unayemuamini alale pale bure, itakugharimu kidogo kuliko fundi umeme. Kile kimfuniko cha dari kipige komeo na kufuli, mita ya maji ijengee kiboksi cha zege chenye kimlango cha nondo, koki za nje weka za plastiki maana hazina soko.

Umeme nao nunua hata kidogo taa ya nje iwake usiku, nyumba yenye giza wiki nzima kila mtu mtaani anajua haina mtu. Uniti zikija pungufu usishangae, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, ukikaa miezi bila kununua deni linajikusanya tu.

Vitasa vya milango ya nje badilisha kila mpangaji akitoka, na dalali asibaki na funguo hata awe rafiki yako, akileta mteja aje jirani afungue.

Sasa mpangaji mwenyewe. Siku ya kumkabidhi zungukeni wote na simu mrekodi video, kila soketi, kila sinki, kioo chenye ufa kisemwe hapo hapo, alafu muandike kwenye mkataba mbele ya shahidi. Chukua na amana kidogo ya uharibifu mbali na kodi, uandike itarudishwa lini. Akidaiwa usimtolee vyombo nje wala kumkatia maji jamani, mtu aliyedhalilishwa anaweza kuvunja choo usiku anaondoka, peleka kesi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Na kama wameshaiba wahi serikali ya mtaa, kachukue RB polisi, yani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, alafu mzunguke na mjumbe kwa wanunua skrepa wa karibu asubuhi hiyo hiyo, mzigo ukishapakiwa kwenye gari ndo basi tena.