Wiki Moja Paris: Namna ya Kuandaa Faili la Viza Kuanzia Dar

Kazi yangu ni kuwaandalia watu mafaili ya safari hapa Dar es Salaam, na wengi wanaotaka kwenda kutembea Paris huja wakiwa wameshakata tiketi. Wameona bei imeshuka, wamelipa, ndipo wanauliza habari za viza. Geuza mpangilio huo. Ofisa atakayesoma maombi yako ana swali moja kubwa: huyu atarudi kwao? Kila karatasi unayoweka imjibu hilo.

Hatua ya 1: Jua unaomba viza gani, na kwa nani

Mtalii anaomba viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Inaruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180 zozote, katika nchi 29. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Siku tano Paris na mbili Brussels, faili linakwenda Ufaransa.

London haimo. Treni ya Eurostar inaondokea pale pale Paris, kituo cha Gare du Nord, na wengi huona ni matembezi ya kwenda na kurudi tu. Uingereza ina viza yake, na kama ya Schengen uliyonayo ni ya kuingia mara moja, ukishavuka umeitumia. Na ndugu zetu wenye pasipoti ya DRC wakumbuke kwamba wao hutakiwa viza hata kwa kubadilisha ndege tu ndani ya uwanja wa nchi ya Schengen.

Hatua ya 2: Tazama pasipoti na kalenda

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Jibu la kawaida ni siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45. Wewe panga kwa 45.

Hatua ya 3: Fomu na ada

Fomu inajazwa kwenye tovuti ya serikali ya Ufaransa, France-Visas, nayo ndiyo itakayokuelekeza upeleke wapi kulingana na unakoishi. Majina yafuate pasipoti herufi kwa herufi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya hapo ni bure. Ukikataliwa hairudi. Alama za vidole unatoa mwenyewe siku ya miadi ya kupeleka faili, na zinahifadhiwa miezi 59, hivyo safari ya pili inaweza kuwa rahisi kidogo.

Hatua ya 4: Pesa

Hapa ndipo mafaili mengi yanapoangukia, na mara nyingi si kwa sababu pesa ni ndogo. Ufaransa inataka uonyeshe euro 65 kwa siku ukiwa na hoteli iliyothibitishwa, au 120 ukiwa huna. Kwa siku nane ni euro 520 au 960. Mwenye mshahara wa kawaida akijipanga anafika.

Tatizo ni namna pesa ilivyoingia. Chukua taarifa ya benki ya miezi mitatu: mshahara unaingia tarehe 25, kodi ya nyumba inatoka, pesa ya chakula inatoka kidogo kidogo, salio linabaki laki mbili tatu. Halafu wiki moja kabla ya miadi zinatua milioni nane kwa mkupuo, bila maelezo. Ofisa haoni tajiri hapo, anaona pesa ya kuazima. Kama ni ya kweli, itolee ushahidi: mkataba wa mauzo ya kiwanja, malipo ya kikoba, au barua ya kaka aliyekuchangia pamoja na taarifa yake ya benki. Kama ni ya kuazima, irudishe. Salio dogo lenye historia safi linamshinda huyo tajiri wa wiki moja.

Hatua ya 5: Kinachokurudisha nyumbani

Mwajiriwa aweke barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, tarehe za likizo na siku ya kurudi kazini, pamoja na hati za mshahara. Mfanyabiashara aweke leseni, cheti cha BRELA na TIN. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya nyumba, vyote vinasaidia. Kisha andika barua yako mwenyewe, ukurasa mmoja: unakwenda lini, utalala wapi, nani analipa. Tarehe za barua hii, za likizo, za hoteli na za bima zilingane. Nimeona likizo ikiisha Ijumaa na hoteli ikiisha Jumapili. Kosa dogo, lakini linaharibu kila kitu kingine.

Madalali wanaouza barua za ajira za kughushi wapo. Wakimbie.

Hatua ya 6: Bima, hoteli, tiketi

Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000 za matibabu na kurudishwa nyumbani, na ifanye kazi nchi zote za Schengen. Hoteli chukua inayokubali kughairiwa bure. Tiketi weka nafasi tu. Lipa viza ikitoka.

Hatua ya 7: Isome viza kabla hujafurahi

Stika ina tarehe ya kuanza na ya mwisho, na pembeni idadi ya siku. Vinavyokuhusu ni vyote viwili. Ukiona tarehe zinachukua siku 25 na siku za kukaa ni 10, unakaa 10. Kwenye idadi ya kuingia, 01 ni mara moja, MULT ni mara nyingi.

Ukinyimwa, utapewa karatasi yenye sababu. Unaweza kukata rufaa Nantes, huko Ufaransa, ndani ya siku 30, kwa Kifaransa, ila kama sababu ni upungufu wa faili, naona ni afadhali kulirekebisha na kuomba upya.

Hatua ya 8: Siku ya kuingia

Beba nakala za karatasi zote kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu uhamiaji wanaweza kuziomba. Ukipitia Amsterdam, ukaguzi wa Schengen ni hapo hapo, usiache muda finyu wa kuunganisha ndege. Tangu Oktoba 2025 mfumo mpya unasajili wageni kwa picha ya uso na kuhesabu siku wenyewe, kwa hiyo ukizidisha hata siku moja itaonekana.

Ukishafika, makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne na ya Musée d'Orsay Jumatatu, na tiketi ya Louvre inunuliwe mapema mtandaoni. Kanisa kuu la Notre-Dame kuingia ni bure.