Kupika mbege isiyochacha mapema

Ukisikia mbege, pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, imepoa haina nguvu, uliza ulezi kabla ya kulaumu ndizi. Wapishi wengi wa Moshi hununua kimea (ulezi uliochipuzwa na kukaushwa) sokoni bila kukinusa, halafu wanashangaa.

Loweka kilo 2 za ulezi usiku kucha, mwaga maji, tandaza kwenye gunia lenye unyevu na ufunike kwa majani ya mgomba. Baada ya siku 2 au 3 vichipukizi vyeupe vitatoka. Vikizidi kidogo urefu wa punje, anika juani. Vikirefuka vinamaliza wanga unaopaswa kugeuka sukari. Harufu ya ukungu ikitokea, tupa wote, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupikwa. Punje ikivunjika kwa jino ndipo usage.

Ndizi ng'ombe au kisukari ziive hadi maganda yawe na madoa meusi. Menya, jaza sufuria ya lita 20, mimina maji yazifunike, chemsha saa 4 hadi 5 mpaka zibadilike rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu. Zikipoa kabisa, hamishia kwenye pipa safi na ufunike kwa kitambaa. Mfuniko uliokazwa unazuia gesi kutoka. Mjini siku 3 zinatosha. Marangu au Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wakati wa baridi ya Julai, ongeza siku 2. Hiyo ndiyo nyalu. Chuja na ukamue vizuri.

Sasa mso: uji mwepesi wa unga wa kimea, uliochemshwa pamoja na gome la msesewe linalotia uchungu. Anza na msesewe kidogo sana, uonje. Mti huo una kemikali zinazoshusha presha, hivyo anayetumia dawa za presha asinywe bila kumuuliza daktari, na ladha chungu kupita kiasi si ya kujivunia.

Subiri mso uwe vuguvugu, kidole kikae bila kuungua, ndipo uchanganye na nyalu. Ukimwaga wa moto unaua hamira ya asili, na hapo hakuna povu litakalotoka. Changanya jioni, asubuhi povu likipanda, iko tayari kwa kata, kibuyu cha kunywea. Mpishi huonja kwanza mbele ya wageni.

Inywewe siku hiyohiyo au kesho yake. Ya jana iliyobaki usiimimine kwenye mpya: vimelea vyake vya uchachu vitaliharibu pipa zima kabla ya jioni.