Fomu ya wavuti ya kurekebisha rekodi za wanachama

Tuseme chama cha wafugaji kule Njoro, Nakuru, kina jedwali la wanachama: namba, jina, simu, lita za maziwa ya asubuhi. Karani anataka kurekebisha bila kuingia kwenye hifadhidata yenyewe. PHP (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) na MySQL (programu ya hifadhidata) zinatosha.

Anza na safu ya simu. Iwe VARCHAR(15), yaani maandishi yasiyozidi herufi 15, si INT, yaani namba kamili. Ukiweka INT, 0722 inageuka 722 na ile sufuri hairudi. Lita ziwe DECIMAL(5,1), yaani tarakimu tano, moja ikiwa baada ya nukta.

Ukurasa wa kwanza unapokea namba ya mwanachama, unavuta rekodi yake kwa SELECT, amri ya kusoma hifadhidata, na kujaza visanduku vya fomu. Kila thamani ipitie htmlspecialchars (kazi ya PHP inayobadilisha alama zenye maana maalumu kwenye HTML, lugha ya kurasa za wavuti), la sivyo jina kama Ng'eno laweza kukatwa kwenye alama ya ' na karani akahifadhi "Ng" tupu. Fomu itumwe kwa POST, njia isiyoweka data kwenye anwani ya ukurasa.

Sasa penye hatari, amri ya kubadilisha rekodi:

UPDATE wanachama SET jina = ?, simu = ?, lita = ? WHERE namba = ?

Ukisahau WHERE, sehemu inayotaja rekodi ya kubadilishwa, chama kizima kinapata simu moja. Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye nakala ya jedwali. Alama za kuuliza zijazwe kwa prepare (kuandaa amri) na execute (kuitekeleza) za PDO, sehemu ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata; usibandike maandishi ya mtumiaji ndani ya amri.

rowCount, hesabu ya rekodi zilizoguswa na amri, ikirudisha 0, usiseme imekosea. MySQL kwa kawaida huhesabu rekodi zilizobadilika tu, na huenda karani amehifadhi kilekile kilichokuwepo.

Makarani wawili wakifungua rekodi moja, wa mwisho humfuta wa kwanza. Ongeza safu ya toleo, namba inayoonyesha rekodi imehifadhiwa mara ngapi: iweke ndani ya WHERE, na ipande kwa 1 kila mtu akihifadhi. Hapo rowCount ya 0 ina maana mwenzako amekutangulia.