Somo: Kupanga faili kwa tarehe iliyo kwenye jina, kwa Python

Nilipokutana na hili mara ya kwanza niliilaumu Python bure. Faili zilikuwa tatu:

```
ripoti_03-11-2022.txt
ripoti_15-02-2021.txt
ripoti_28-01-2020.txt
```

Nikazipanga kwa `sorted()`, amri ya Python ya kupanga, zikarudi vilevile: ya 2022 juu, ya 2020 chini. Kwake hayo ni maandishi tu. Baada ya `ripoti_` inakuta 0, 1 na 2, inapanga, basi. Mwaka haijaufikia hata.

Hatua ya 1: kata kipande cha tarehe. Hatua ya 2: kigeuze kiwe tarehe kweli. Hatua ya 3: panga kwa hiyo.

```python
from datetime import datetime
from pathlib import Path

def tarehe(faili):
    kipande = faili.stem.split("_")[-1]
    return datetime.strptime(kipande, "%d-%m-%Y")

for f in sorted(Path("ripoti").glob("*.txt"), key=tarehe):
    print(f.name)
```

`Path("ripoti")` ni folda yenye faili. `stem` ni jina bila `.txt`. `strptime` ndiyo inayogeuza maandishi kuwa tarehe: `%d` ni siku, `%Y` ni mwaka. Kwenye `key=tarehe` usiweke mabano; `sorted()` ndiyo itakayoiita, faili moja moja.

Pa kuangalia sana ni `%m`. Ndogo ni mwezi, kubwa `%M` ni dakika. Ukiteleza hapo hupati kosa lolote: 11 inasomwa kama dakika, kila faili inakuwa ya Januari, na mpangilio unaharibika kimyakimya. Mimi ilinila jioni nzima.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwa nini nisitumie tarehe ya faili yenyewe ilipobadilishwa mwisho?*
Ukiifungua ukasahihisha neno moja na kuihifadhi, inakuwa ya leo. Hata kuinakili kunaweza kuibadilisha. Jina linabaki.

*Yangu inakatika, inasema ValueError.*
Kuna jina lisilo na tarehe humo. Soma mstari wa mwisho wa kosa, kipande kilichokwama kimetajwa, mfano `'mpya'`. Lidake kosa hilo kwa `except ValueError` na urudishe `datetime.min`, tarehe ya mapema kabisa, faili hizo zitakaa mwanzoni.

*Nataka mpya zianze.*
Ongeza `reverse=True` ndani ya mabano ya `sorted()`.

*Na kama ndiyo kwanza naanza kuzipa majina?*
Una bahati. Andika `2022-11-03`, mwaka mbele, kama ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, inavyotaka, na `sorted()` tupu itatosha. Ila sifuri usiziruke: `2022-9-5` itakaa nyuma ya `2022-11-03`.