Somo: Kumwondoa dume la mbegu la nguruwe kwa wakati wake

Jike asiyeshika mimba humpotezea mfugaji uzao mmoja, lakini dume mbovu huharibu hesabu ya banda zima, kwa kuwa katika upandishaji wa kawaida dume mmoja huhudumia majike 15 hadi 20. Ndiyo maana uamuzi wa kumwondoa utoke kwenye daftari, wala si kwenye mazoea.

Hatua ya 1. Andika tarehe ya kila upandishaji, namba ya jike na dume aliyempanda. Kati ya siku ya 18 na ya 24 angalia kama jike amerudi kwenye joto, yaani anataka dume tena kwa kuwa hakushika mimba, na akizaa, baada ya siku 114 hivi, andika idadi ya watoto. Majike kadhaa waliopandwa na dume yule yule wakirudi mfululizo, shaka ni juu yake.

Hatua ya 2. Usimhukumu haraka. Mimi niliwahi kumuuza dume wa miaka miwili kwa sababu majike wanne walirudi kwenye joto, nikasahau kwamba mwezi uliotangulia alikuwa ameugua homa kali. Mbegu huchukua takriban wiki 6 hadi 7 kutengenezwa na kukomaa, hivyo madhara ya homa, au ya banda lenye joto kali, huonekana wiki kadhaa baadaye. Mpumzishe kwa muda huo, kisha mjaribu kwa jike aliyekwisha kuzaa vizuri.

Hatua ya 3. Mtazame anaposhuka mgongoni mwa jike. Akiegemea ukuta, akanyanyua kwato ya nyuma na kusita kuikanyagia sakafu iliyolowa, ana maumivu. Kwato ndefu hukatwa na sakafu hukaushwa, ila kiungo kilichovimba kisichopona kwa matibabu ni sababu tosha ya kumwondoa, sawa na uzito unaowalemea majike wachanga.

Hatua ya 4. Mnunue mrithi mapema, akiwa na miezi sita hivi, umtenge siku 30, aanze kazi kwa kiasi akifikisha miezi minane.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mbozi: Dume wangu bado ana nguvu, na mabinti zake nimewabakiza wawe wazazi. Nifanyeje?
Jibu: Asiwapande kamwe. Mabinti wa kwanza hufikia umri wa kupandwa takriban mwaka mmoja baada ya yeye kuanza kazi. Kabla ya hapo mbadilishe, au wauze wao.

Mwanachama wa Karatu: Je, tubadilishane madume na jirani ili kupunguza gharama?
Jibu: Sishauri hata kidogo. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na dume anayezunguka mabandani huweza kuisambaza.

Mwanachama wa Mbeya: Wachinjaji wanakataa dume mzee kwa sababu nyama yake inanuka.
Jibu: Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutokana na homoni za kiume. Daktari wa mifugo amhasi kwa ganzi, nawe usubiri wiki kadhaa, mpaka kidonda kipone na muda wa dawa zote alizopewa uishe, ndipo umpeleke machinjioni.