Stauti usiigandishe jamani

Wadau, ukibahatika kupata stauti (ile bia nyeusi) ya Kiingereza kama ile Samuel Smith's Oatmeal Stout ya Tadcaster, Yorkshire, usiipige baridi ya kugandisha kama lager, baridi inaua ladha yote unabaki na uchungu tu. Itoe kwenye friji nusu saa hivi kabla, ifike kama nyuzi 13, mimina kwenye glasi (habari za kunywea chupani hapa hapana), nusa kwanza ndo upige fundo dogo uliache kidogo mdomoni. Utapata kahawa, chokoleti chungu, afu ule ulaini wa oti unateleza kooni. Weusi usikutishe, ni nafaka iliyokaangwa sana tu, kilevi chenyewe asilimia 5. Waingereza huishushia na chaza, mie nipeni nyama choma.