Kupanga breka, waya na soketi za karakana ya nyumbani

Kazi ya breka ni kulinda waya ulioko ukutani. Mashine ikiungua ni shauri jingine. Kwa hiyo waya huchaguliwa kwa mzigo, na breka huchaguliwa kwa waya.

1. Soma kibati cha mashine
Gawanya wati kwa 230. Grainda ya wati 2,000 inakula ampea 8.7. HP (nguvu za farasi) ni nguvu inayotoka kwenye shafti, hivyo umeme unaoingia ni zaidi: kompresa ya HP 2 huvuta ampea 10 hivi.

2. Waya
Shaba ndani ya paipu: 2.5 mm² breka ya ampea 20, 4 mm² ya 25, 6 mm² ya 32. Waya wa 1.5 ni wa taa. Banda likiwa mita 30 kutoka meni swichi, panda saizi moja: kwa ampea 16, 2.5 hupoteza volti karibu 9, 4 hupoteza 5 na kitu.

Kwaruza uzi wa waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha.

3. Herufi ya breka
Kompresa inawashwa, breka inakata. Fundi wa haraka anatoa ya 16 anaweka ya 32, kompresa inawaka, wote wanafurahi, na waya wa 2.5 umebaki bila ulinzi. Badilisha herufi iliyo mbele ya namba kwenye breka (B, C au D), namba iache. Mota ya kompresa ikianza huweza kuvuta ampea 60 kwa muda mfupi. B hukata papo hapo kati ya mara 3 na 5 ya ampea zake, yaani B16 inaweza kukata kuanzia 48. C ni mara 5 hadi 10, hivyo C16 huvumilia mpaka 80. D sioni haja yake nyumbani.

Ila kama inakata tangi likiwa na presha tu, breka haina kosa. Kompresa ikijizima lazima usikie "psss" fupi. Usipoisikia, valvu ya kuachia hewa imekwama na mota inaanza ikiwa imebanwa.

Tena, C16 huhitaji hadi ampea 160 ili ikate hitilafu mara moja. Nyumba inayotegemea ethi rodi peke yake haifikishi kiasi hicho, kwa hiyo RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 ni lazima. Nyutro ya laini hiyo isichanganywe na ya laini nyingine, la sivyo RCD itakata kila ukiwasha kitu.

4. Soketi
Kila mashine nzito na laini yake. Grainda na kompresa: soketi ya ampea 13, fyuzi halisi kwenye plagi, si msumari. Mashine ya kuchomelea: soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 32, waya wa 6, breka C32. Ekstensheni ya kuviringisha ikunjue yote. Ikibaki kwenye gurudumu inachemka hadi plastiki inayeyuka.

Kuunga kwenye meni mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania.